Mji Nilioutembea Nikimkwepa Mkwe Wangu

Tangu nirudi, kila nikifika bombani na ndoo zangu naulizwa habari za safari, na kila mmoja wenu nimemjibu kipande chake. Huyu nimempa bahari, huyu nimempa treni, huyu nimempa wali wa nazi. Sasa nasikia mnabishana wenyewe kwa wenyewe kwamba Mama Zaina leo anasema hivi, kesho anasema vile. Basi nimefunika cherehani siku mbili, nimekaa kuandika yote. Zamani masista walinifundisha kushona, na kuandika wakaniongezea. Mwandiko wangu si mzuri, lakini Mama Feza ana macho makali, atawasomea.

Habari za vibali na mihuri sitaziandika. Kila mtu wa Elisabethville anazijua, na zinachosha hata kuzisikiliza.

Elisabethville mpaka Bukama

Mnajua kwamba Zaina ndiye mtoto pekee niliyebaki naye, na mnajua baba yake, fundi wa nguo, ana miaka minne udongoni. Salehe alikuja hapa na mjomba wake, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Dar es Salaam. Walikaa mtaani kwetu msimu mmoja wa mvua, na mvua zilipokatika akamposa Zaina. Wazee wa msikitini walisimamia kila kitu. Mimi, kama inavyopasa mama wa msichana, sikuonana naye. Siku ya ndoa nilikuwa jikoni, nikaona upindo wa kanzu yake ukipita mlangoni, basi. Wiki ile ile wakaondoka.

Kwetu mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama. Barua ilipofika kwamba Zaina ana mimba, nilianza kutandika chumba. Barua ya pili ikasema wakwe wanaona njia ni ndefu mno kwa mwenye mimba, na kweli ni ndefu. Nikasema vizuri, kama mtoto hawezi kuja kwa mama, mama atakwenda kwa mtoto. Nilitaka niwepo siku ya kuzaa. Nilitaka nimwogeshe mjukuu kwa mikono yangu, nimpake mafuta, nimbebe mgongoni mchana kweupe na watu wamwone. Hilo tu ndilo lililonitoa nyumbani. Wale wanaosema nilikwenda kutalii wakome.

Mlinisindikiza stesheni, mnakumbuka nilivyocheka dirishani. Nilicheka mpaka moshi wa tanuru la shaba ukapotea nyuma ya vichuguu, halafu nikajifunika kitenge usoni nikalia mpaka kituo cha tatu.

Kwenye benchi langu walikaa wanaume wawili wa Kikatoliki, watu wa kaskazini, wapole, wamevaa viatu vilivyopigwa rangi. Jua lilipokuwa kichwani nilifungua chakula: bukari, ugali wetu, na nyama ya mbuzi aliyonifungia Mama Feza. Nikawakaribisha. Wakakataa kwa adabu. Nikawakaribisha tena, wakaangalia nje. Nikaona, aha, hawa wananiona mchafu, au wanadhani nimetia dawa. Nikageuka na mimi dirishani nikala peke yangu, na mnajua mtu akila peke yake mbele ya watu chakula hakishuki. Ni jioni tu, nilipowaona wakimega dagaa wakavu na kunikaribisha kwa furaha, nikakumbuka kwamba siku ile ilikuwa Ijumaa na wao hawagusi nyama. Nilicheka, lakini sikuweza kuwaeleza sababu. Kwenye kituo kimoja kidogo tukasimama toka asubuhi mpaka jua linapinda, tukingoja treni ya shaba itupite. Watu wangeweza kusubiri, shaba haikuweza. Wakatoliki wangu walishuka Bukama bila kusema wanaitwa nani.

Bukama mpaka Kabalo, kwa meli ya mto

Meli ya mtoni ina sehemu ya juu kwa Wazungu na sehemu ya chini kwa sisi, kuni na mbuzi. Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Mto unapita katikati ya mafunjo marefu, huoni nchi, unaona maji na ndege tu. Mbu sitawaelezea.

Siku ya tatu tukapanda juu ya fungu la mchanga. Kiangazi kilikuwa kimekula maji. Wanaume waliteremka wakasukuma, wakafunga kamba, wakaimba, wakasukuma tena. Meli ilikaa pale pale siku tisa kabla ya kunasuka. Sisi wanawake tukawasha moto mchangani, tukapika. Kila asubuhi nilihesabu kwa vidole miezi ya Zaina, na kila jioni nilikuwa nimepoteza siku nyingine.

Hapo ndipo nilipokaa na Ma Ngoie, mama wa Kiluba aliyekuwa na vikapu vya samaki mkavu. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo na ulimi wake haukuwa na pazia.

"Uko naenda kwa nani kule mbali?" akaniuliza.

"Kwa mutoto yangu. Anataka kuzala."

"Na bwana yake iko?"

"Iko."

"Sasa weye utalalaka wapi?"

Nikasema nyumbani kwao. Akaacha kugeuza samaki wake, akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni.

"Mu nyumba ya mukwe? Mama, haya yako uliiacha Elisabethville?"

Kwa sababu watoto wenu wa siku hizi watasoma haya wakicheka, niandike wazi. Kwetu mama na mume wa binti yake hawaonani uso. Hawali pamoja, hawakai ua mmoja, hawalali chini ya paa moja. Akipita huku, wewe unapita kule. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na mimi nililelewa nayo tangu Kasongo ya wazazi wangu. Nilikuwa nimewaza safari nzima habari za kumwogesha mtoto, na habari za baba yake sikuwa nimeziwaza hata mara moja. Nilikaa pale mchangani nimeshika kijiko, nikaona kwamba Ma Ngoie anasema kweli.

"Watanipa chumba cha nyuma," nikamwambia.

"Labda," akasema, akarudi kwenye samaki wake.

Albertville na ziwa

Nilipofika Albertville kwa treni ya kutoka Kabalo, meli ya ziwani ilikuwa imeondoka asubuhi ile ile. Moshi wake ulikuwa bado unaonekana. Nilingoja siku sita kwa mjane mmoja anayepokea wasafiri wa Kiislamu, mwanamke mzuri lakini kiziwi kabisa. Tulikuwa tunakaa naye barazani tukiangalia ziwa, nami nilimweleza mambo yangu yote, na yeye alitikisa kichwa na kunipa karanga. Nafikiri nilizungumza naye kuliko mtu yeyote njiani.

Kuvuka ziwa sina la kusema. Nilitapika toka gati hadi gati.

Kigoma mpaka Dar es Salaam

Upande ule treni ni ya Waingereza na watu wanazungumza Kiswahili kilichopigwa pasi. Nikifungua kinywa wanageuka. "Bibi ametoka Kongo," wanasema, mbele yangu, kama vile mimi ni mzigo ulioandikwa ubavuni. Tabora nilinunua asali na mayai ya kuchemsha.

Mwalimu mmoja wa shule alikaa mbele yangu siku nzima na nusu. Alikuwa amesomea Dar es Salaam na aliipenda sana. Alinitajia vitu vya kuona, mpaka akaniandikia kwenye karatasi: bandari, sanamu ya askari, bustani ya miti, jumba la makumbusho, soko la Kariakoo, kivuko cha kwenda ng'ambo. Nikamwambia baba, mimi ninakwenda kwa mjukuu, nitapata wapi nafasi ya sanamu? Akasema, "Chukua tu, mama. Utakapochoka kukaa ndani." Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye mfundo wa kitenge ili nisimvunje moyo.

Mji wenyewe

Zaina alikuwa amejifungua siku kumi na tisa kabla sijafika. Mtoto wa kike. Alikuwa ameogeshwa na wengine, amepakwa mafuta na wengine, na kitovu kimeanguka.

Mama yake Salehe anaitwa Bi Mwanahawa, mwanamke mwembamba mwenye moyo mkubwa. Alinipokea mlangoni kwa vigelegele. "Karibu ndani, Mama Zaina, pole na safari, nyumba ni yako!" Akanipeleka chumba alichonitayarishia. Nyumba zao zina ukumbi mrefu katikati na vyumba vinatazamana kushoto na kulia. Mlango wangu ulitazamana na mlango wa Salehe na Zaina. Nyuma kuna ua mmoja, na katika ua huo kuna jiko, bafu, choo na kisima, vyote pamoja. Nikasema napenda hewa, naomba kile chumba kidogo cha kuni, uani, chenye mlango wa kutokea kichochoroni. Bi Mwanahawa akacheka, akadhani natania. Nilipohamishia mkeka wangu huko hakucheka tena.

Sasa sikilizeni. Salehe ni karani bandarini, na miezi ile alikuwa zamu ya usiku. Anaondoka jua likizama, anarudi alfajiri, halafu mchana kutwa yuko nyumbani. Siku ya kwanza sikulijua hilo. Niliingia chooni baada ya chai. Nikasikia mlango wa ukumbini, nikasikia makubadhi, nikasikia mwanamume akikohoa uani. Akavuta kigoda akaanza kurekebisha baiskeli yake, hatua tatu kutoka mlango wa choo.

Nilikaa. Nikasema atamaliza. Akafungua gurudumu. Jua likapanda juu ya bati, humo ndani kukawa tanuru. Baadaye alijua kuna mtu, kwa sababu alisimama akasema kwa sauti ya heshima, "Shikamoo, mama."

Nifanye nini? Kumjibu siwezi.

"Shikamoo, mama," akarudia, pole pole zaidi.

Nilitoka adhuhuri, alipokwenda kuswali, nguo zimenigandia mwilini. Zaina alikuwa jikoni. "Mama, bwana yangu anasema alikupa salamu mara mbili, haukuitika."

"Weye unajua sababu."

"Huku haiko vile, mama. Huku mama na mukwe banakulaka sahani moja."

"Wao. Miye hapana."

Kesho yake, alfajiri, kabla baiskeli ya Salehe haijalia kengele kichochoroni, nilitoka kwa mlango wangu na karatasi ya mwalimu mkononi. Nikafanya hivyo majuma matano, isipokuwa siku mbili za homa.

Kwa hiyo mnaponiuliza mgeni akifika Dar es Salaam aone nini, mmemfikia mwenyewe. Wenye mji hawaujui kama mimi.

Anza na bahari, asubuhi, kabla mchanga haujachoma. Usioshe kinywa, ni chumvi tupu. Viatu usiviache karibu na maji. Mimi nilivua vyangu nikaviweka vizuri, nikageuka kuangalia kanisa lenye minara, na niliporudisha macho kimoja kilikuwa kinaondoka. Kando ya mto wetu ukiacha kitu mahali, jioni kipo. Keshokutwa yake nilikwenda saa nyingine, nikakuta maji hayapo, yamekwenda mbali kabisa, tope na kaa wanakimbia. Nikashika kichwa. Nilidhani bahari imekauka kama mto ulivyokauka chini ya meli yetu, nikamkimbilia mtu wa kwanza kumwambia. Msinicheke. Yanarudi yenyewe, kila siku, ulizeni mtu saa zake.

Sanamu ya askari iko njia panda, juu ya jiwe, ameelekeza bunduki bandarini. Watu wa pale hawajui imetengenezwa na nini. Mimi nilijua bila kuuliza, kwa ile michirizi ya kijani ambayo mvua imeshusha kwenye jiwe. Ni shaba. Nilisimama pale muda mrefu siku ile, kwa sababu ndicho kitu pekee mjini nilichokijua.

Bustani ya miti ina kivuli kizuri. Kaa kwenye majani, viti vina wenyewe. Makumbusho nenda mara moja, mifupa haibadiliki. Kivuko panda mchana watu wakiwa wachache. Mimi nilivuka na kurudi, nikavuka na kurudi, mpaka mkata tiketi akaniuliza kama nimepoteza kitu ng'ambo. Uhindini angalia vitambaa bila kugusa. Chakula kula Kariakoo, lakini ujiandae: wali una nazi, maharage yana nazi, mchicha una nazi. Siku moja nilitafuta mchuzi usio na nazi soko zima, mwenye chakula akaniuliza kama ninaumwa.

Na mahali pa kukaa ukiwa huna pa kwenda ni ukingoni mwa bandari, penye miti, karibu na muuza kahawa. Alikuwa akiniona kila siku.

"Bibi unangoja meli gani?"

"Bado haijafika," nilimwambia siku ya kwanza, kwa kukosa la kusema.

Tangu hapo alinipa habari za meli. "Leo imeingia ya Bombay, siyo hiyo?" Nasema siyo. "Keshokutwa kuna ya Mombasa." Akaanza kunihurumia. Kuna siku alikataa malipo, akanijazia kikombe mara tatu, akasema, "Atakuja tu, bibi." Nilikunywa ile kahawa yote. Mjukuu wangu alikuwa umbali wa mwendo wa nusu saa, ameamka, anapiga miguu mkekani, na mimi nakunywa kahawa ya huruma na mtu nisiyemjua.

Nilirudi kila siku adhana ya magharibi inapokwisha, Salehe akishaondoka. Mtoto alikuwa amenyonya na amelala. Zaina alimtoa chumbani akanipa, kwa maana chumba chao siwezi kukanyaga. Nilimshika kwenye mwanga wa taa. Najua masikio yake, najua kucha zake, najua anavyopumua. Mara mbili au tatu alifungua macho, akaangalia taa, akayafumba. Halafu Zaina alimchukua.

Bi Mwanahawa alikuwa akiniuliza, "Leo umeona nini, mwenzetu?" Nami nilisimulia. Nilisimulia vizuri, mnanijua. Majirani wakaanza kuja kusikiliza, wengine wakaniuliza njia ya makumbusho. Siku moja nikamsikia akimwambia jirani yake ukumbini, "Mama wa watu anapenda matembezi. Nyumba yetu ndogo, haimtoshi." Hakusema kwa ubaya. Aliumia, na sikwenda kumwambia kitu.

Jioni ya mwisho nilikuwa nafunga mzigo. Zaina aliingia chumba cha kuni, akasimama mlangoni bila mtoto.

"Mama, ulitoka mbali vile juu ya kuangalia sanamu?"

"Zaina, unajua."

"Miye najua kitu moja tu. Uliona muji yote. Mutoto hajakuonaka hata siku moja."

"Ni haya, mwana. Ni baba yake ninamuheshimu."

"Na miye? Nilizala peke yangu, nikakungoja. Ulifika, nikakungoja tena. Kila asubuhi nilisikia ule mulango yako."

Nilikaa juu ya mzigo. Akaniuliza, safari hii kwa sauti ya chini, haya hiyo inaishaka na nini. Nikamwambia inaisha. Mwanamume mwenyewe analeta kuku, anamtoa kwa mama mkwe bila kuonana uso, na ndugu wa mama wanakaa pamoja wanamla. Baada ya hapo wanaweza kutazamana. "Lakini haiombwake," nikasema. "Mama akiomba, ni haya kubwa kuliko ile ya kwanza."

"Salehe atajua namna gani, kama hakuna mutu anamuambia?"

Niliwaza kwamba baba yake angekuwa hai ndiye angemwambia. Wanaume huambizana. Nilisahau kwamba nyumba yangu haina mwanamume tena.

Stesheni

Treni inaondoka alasiri. Zaina alinisindikiza na Bi Mwanahawa, mtoto amefunikwa kanga dhidi ya jua. Nimekwisha panda, mzigo umekwisha panda, nikasikia watu wanacheka jukwaani. Nikachungulia. Mwanamume mrefu alikuwa anakuja kinyumenyume. Anatembea mgongo mbele, anagonga watu, anaomba radhi, shati limelowa jasho, na kwapani ana kuku jike mweupe mwenye miguu iliyofungwa. Zaina alikuwa mbele yake anamwelekeza: kushoto, kulia, simama.

Alisimama chini ya dirisha langu, mgongo kwangu. Niliteremka. Watu walifanya duara, kwa vile mambo ya bure hayakosi watazamaji. Salehe hakuzungumza na mimi. Alizungumza na mtoto, aliyekuwa mikononi mwa Zaina kati yetu, na sijui ni nani aliyemfundisha kwamba ndivyo inavyofanywa. Labda hakufundishwa.

"Mwambie bibi yako," akasema, "kuku huyu ni wake. Mwambie nimeambiwa leo asubuhi. Mwambie siku zote nilidhani ananichukia."

Na mimi nikamwambia mtoto, "Ambia baba yako aksanti. Umuambie simuchukii. Ilikuwa haya tu."

Bi Mwanahawa alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Zaina akaniwekea mtoto mikononi. Macho yalikuwa wazi. Ni makubwa, meusi, na lile la kushoto lina kope ndefu kuliko la kulia, nililiona kwa mara ya kwanza. Akanitazama. Nikamtazama. Uso wake ukakunjika, akaangua kilio kama ameshikwa na mgeni wa barabarani, ambaye ndiye mimi. Nikamtikisa, nikamwimbia, nikambeba mgongoni. Alilia mpaka filimbi ikapigwa. Alinyamaza mikononi mwa baba yake, nami nikapanda nikiwa nimebeba kuku.

Kurudi

Njia ni ile ile, sitairudia. Kuku wa aina hii hauzwi, hatolewi zawadi, na haliwi na mtu peke yake njiani. Kwa hiyo tulisafiri wawili. Kwenye treni alikaa chini ya benchi. Ziwani hakutapika, mimi nilitapika. Albertville yule mjane kiziwi alimwekea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Mtoni alitaga mayai manne, nikawapa mabaharia. Kila mtu aliniuliza kwa nini simchinji na njaa ninayo, na kila mtu nilimwambia bado sijafika.

Sasa nimefika, kuku yuko uani, nanyi mmekwisha anza kunisema. Mama Zaina amerudi na kuku kutoka baharini, anamfuga kama mtoto. Mama Feza aliniuliza juzi namngojea nani. Nikajifanya nahesabu vifungo.

Mimi sina ndugu. Wazazi wangu wamelala Kasongo, kaka yangu alikufa mgodini, mume wangu mnajua aliko, na mwanangu yuko kule. Kuku huyu lazima aliwe na watu wangu ili haya itoke, na nimekwisha pitisha majina yote kichwani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja amekufa. Mwezi mzima ninamwangalia akichakura uani, na kila asubuhi naona aibu kuja kuwaambia.

Basi nimeandika. Ijumaa, baada ya swala, nitamchinjisha. Mama Feza, njoo na sufuria yako kubwa. Na nyinyi wote wa bombani, Wakatoliki kwa Waislamu, njooni mkae mkekani kwangu mle kama ndugu zangu. Wakatoliki, najua ni Ijumaa. Mtakunywa mchuzi kidogo, nami nitamwomba Mungu awasamehe.